Ukingo wa Mto Mara Una Wenyewe

Kila Septemba 15, tangu 2012, Tanzania na Kenya huadhimisha Siku ya Mara. Hotuba hutolewa, miche hupandwa, picha hupigwa. Wageni wakishaondoka, mche uliopandwa kabla vuli haijakolea unataka mtu wa kuumwagilia na kuukinga na mbuzi. Mtu huyo ni nani? Tunawauliza viongozi wa vijiji vya Tarime, kaskazini ya mto, na vya Serengeti, kusini yake.

Usambara wana bustani ya miti ya Amani tangu 1902. Ya kwetu ni ukingo wa Mara. Simama chini ya mkuyu mmoja wakati wa matunda: ninga na hondohondo juu, tumbili katikati, chini ng'ombe kivulini na akina mama waliotua ndoo. Mizizi yake ndiyo inayoshika udongo usiporomokee mtoni. Tanuri la matofali huuteketeza kwa siku chache. Mkubwa kama huo, aliyeukata hatauona tena.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Sheria ya Misitu ya 2002 inakipa kijiji mamlaka ya kutenga msitu wake na kuutungia sheria ndogo. Mwenyekiti anayesema anamsubiri ofisa wa Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) anakwepa kazi aliyochaguliwa kuifanya. Na shamba la mahindi linaloshuka hadi majini ni kosa hata likiwa la diwani. Atakayesema haiwezekani aende Ikona, ambako vijiji vitano, Robanda na Makundusi vikiwemo, vilitenga ardhi yao kwa ajili ya wanyamapori.

Wazee nao wasijitoe. Waikoma, Wanata na Wangoreme walikuwa na emisambwa, chemchemi na vichaka vya mizimu ambako panga halikuingia. Hapakuwa na askari wa doria. Neno la mzee lilitosha. Vijana wa leo wataliheshimu vipi neno hilo ikiwa mkaa unapita mbele ya baraza naye yuko kimya?

Mkutano mkuu wa kijiji ujao usomewe mipaka ya zile mita 60, na majina ya waliokabidhiwa kila kipande cha ukingo. Muhtasari ubandikwe ofisi ya kijiji, kila mtu ausome.