Mfereji wa Wote Hutaka Majembe ya Wote

Katika miteremko ya Kilimanjaro, juu ya mji wa Moshi, maji hufika migombani kwa mifereji ya asili ambayo Wachagga huiita mifongo. Mfongo hauna tajiri mmoja. Ukibomoka, kila mwenye zamu ya maji huwajibika kufika na jembe lake, na mkaidi hutozwa faini. Twautaja mfano huu kwa kuwa ofisi zetu za umma zinakabiliwa na swali la namna hiyo hiyo, ingawa si la maji bali la kompyuta.

Siku hizi hospitali, vyuo na idara hazinunui seva moja kwa kila kazi. Programu maalumu huigawa seva moja kubwa iwe mashine pepe kadhaa: moja ya mishahara, moja ya kumbukumbu za wagonjwa, moja ya barua. Kwa miaka mingi programu iliyotamba duniani ni ile ya VMware ya Marekani. Novemba 2023 kampuni hiyo ilinunuliwa na Broadcom, na mwezi uliofuata uuzaji wa leseni za kudumu ukakomeshwa. Mteja mpya hulipia muda. Muda ukiisha, hulipa tena kwa bei apangiwayo.

Njia nyingine ipo. KVM imo ndani ya Linux tangu 2007, na Proxmox ya Vienna ilitolewa mara ya kwanza mwaka 2008. Hizo ni programu huria, ambazo yeyote aweza kuzitumia, kuzichunguza na kuzirekebisha. Kikwazo kikubwa kimo katika mikataba. Wako wauzaji wa mifumo wasemao: ukiuhamishia mfumo wetu mahali tusipopaidhinisha, usituite utakapoharibika. Ofisa mwenye dhamana huingiwa na hofu, wala hatumlaumu. Mishahara ikikwama, atakayeulizwa ni yeye.

Hata hivyo, sisi wa visiwani twaijua gharama ya kutegemea njia moja. Mwaka 2008 Unguja ilikaa gizani takriban mwezi mzima, na tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 ikakaa tena miezi mitatu, kwa kuwa ilitegemea waya mmoja wa umeme kutoka Bara.

Kwa hiyo basi, Mamlaka za Serikali Mtandao, ya Bara na ya Zanzibar, hazina budi kuvisoma vifungu hivyo kabla ya wino kukauka, na kudai kwamba huduma ya muuzaji isikatwe kwa sababu tu mteja amechagua programu huria. Mifumo isiyofungwa na masharti ihamishwe kwanza. Iliyofungwa isubiri mkataba wake uishe.

Lakini asidhani mtu kwamba huria maana yake ni bure. Fedha itakayookolewa kwenye leseni isomeshe mafundi wetu na kulipia msaada wa wataalamu. Mfongo usiozibuliwa hukauka, hata kama hauna tajiri.