Ukaguzi wa majengo uanze kwenye msingi, si kwenye kifusi

KILA jengo la makazi linapoporomoka mijini, mambo hufuatana kwa utaratibu ambao Wakenya wameukariri. Viongozi hufika penye kifusi, mmiliki husakwa, kamati huundwa na majengo jirani huchorwa alama ya X kwa rangi nyekundu. Miezi michache baadaye rangi hufifia, nao wapangaji huwa wangali mumo humo.

Ndivyo ilivyokuwa baada ya mkasa wa Nyamakima, Nairobi, mnamo Januari 2006, jengo lilipowaporomokea mafundi wakiwa kazini. Ndivyo ilivyokuwa Huruma mnamo Aprili 29, 2016, jengo la orofa sita kando ya mto lilipoanguka usiku wa mvua kubwa na kuua zaidi ya watu 45. Mtaa wa Tassia ukafuata Desemba 2019.

Hatuwezi kudai kwamba tumekosa sheria. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi (NCA) ilibuniwa kwa sheria ya mwaka 2011. Sheria ya kupanga matumizi ya ardhi ilifanyiwa mageuzi mwaka 2019. Kanuni za ujenzi za 1968, zilizotumika kwa zaidi ya nusu karne, nazo zimeondolewa na mahali pake kuchukuliwa na Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za 2024, zilizoanza kutekelezwa Machi 2025.

Mageuzi hayo yalichelewa mno. Kwa miaka mingi wahandisi wetu walikuwa wakipiga hesabu zao kwa kiwango cha Uingereza cha BS 8110, ambacho Waingereza wenyewe walikiacha mwaka 2010. Hata hivyo, itakuwa kujidanganya kuamini kwamba kanuni mpya pekee zitaziokoa roho za wapangaji.

Kiini cha tatizo ni bei ya ardhi. Katika miaka ya 2010, ekari moja mtaani Upper Hill ilipita Sh400 milioni. Wimbi hilo halikuishia kwa mabwanyenye. Lilisambaa hadi Pipeline na Huruma, ambako ploti ni ndogo na mpangaji hana uwezo wa kulipa kodi kubwa. Aliyenunua ploti ya aina hiyo kwa mkopo ana njia moja tu ya kurejesha pesa zake: kupanda juu.

Hapo ndipo ramani iliyoidhinishwa kwa orofa nne huzaa jengo la orofa saba. Hebu tupige hesabu. Chumba cha mita tatu kwa tatu chenye sakafu ya zege ya unene wa sentimita 15 huhitaji zege ya mita 1.35 za ujazo. Kwa kuwa mita moja ya ujazo ina uzani wa takriban kilo 2,400, sakafu hiyo pekee hupita tani tatu. Orofa tatu za ziada huongeza zaidi ya tani tisa juu ya kila chumba cha chini, kabla ya kuhesabu kuta, matangi ya maji, vyombo na watu. Nguzo na msingi havikuwahi kuandaliwa kwa mzigo huo.

Haraka nayo huongeza hatari. Nguvu ya zege hupimwa baada ya siku 28. Katika wiki ya kwanza huwa imefikia takriban thuluthi mbili tu. Mwanakandarasi anayeondoa mbao mapema ili amwage sakafu inayofuata, huku akipunguza simiti na kuzidisha maji, anajenga kaburi. Sehemu za mashariki mwa Nairobi zina udongo mweusi unaovimba ukilowa na kunywea ukikauka. Usipoondolewa, au msingi usipofika kwenye mwamba, ufa ni jambo la kusubiriwa.

Makosa haya yote hutendeka mchana, barabarani, mbele ya macho ya maafisa wa kaunti. Jengo la orofa saba haliwezi kufichwa. Kwa hivyo ukaguzi unaofanywa jengo likishajaa watu ni ukaguzi uliochelewa. Wakati huo afisa hubaki na mambo mawili, yote machungu: kuwatupa wapangaji nje bila pa kwenda, au kufumba macho.

Serikali za kaunti zinafaa kulazimisha ukaguzi katika hatua tatu: kabla ya msingi kumwagwa, kabla ya kila sakafu, na kabla ya mpangaji wa kwanza kuhamia. Mhandisi na afisa wa kaunti watie sahihi kwa majina yao katika kila hatua, na matokeo ya vipimo vya zege yahifadhiwe. Jengo lisilo na sahihi hizo lisiunganishiwe umeme wala maji.

Sambamba na hayo, kaunti ziharakishe kuidhinisha ramani na kuruhusu orofa zaidi mahali ambapo maji taka na barabara vinaweza kuhimili, ili mwenye ploti aone faida ya kufuata sheria. Anayetaka orofa saba aruhusiwe kujenga msingi wa orofa saba.

Wahenga walinena kwamba rahisi huvunja upishi. Tatizo ni kwamba katika upishi huu, anayeokoa pesa ni mwenye jengo, na anayelipa ni mpangaji aliyelala orofa ya chini.