Kijani Si Kinga

Msomaji, wapo wasemao kuwa kila kitokacho majanini ni salama. Wamekosea. Chukua gugu-maji, lisumbualo wavuvi wa Kendu Bay tangu miaka ya 1990. Maji ya majani yake yaliyochemshwa, yakitiwa chumvi ya madini ya fedha, hugeuka hudhurungi: chembe za fedha zimezaliwa, ndogo kuliko sehemu 1 ya 10,000 ya milimita, nazo huua bakteria. Njia hii yasifiwa kwa haki, kwani huepusha kemikali kali za maabarani. Lakini fedha ni ile ile. Ikimwagwa ziwani yaweza kumdhuru hata samaki. Jani lilikuwa mpishi, si chakula. Basi usiulize tu aliyepika ni nani; uliza mabaki yatamwagwa wapi.