Klabu za mikoani zinahitaji taji lao

Msimu wa Championship ukimalizika, hesabu ni rahisi mno. Timu 16 zimecheza, mbili za juu zinapanda Ligi Kuu moja kwa moja, ya tatu na ya nne zinaingia kwenye mchujo, na za mkiani zinashuka. Zilizobaki, ambazo ndizo nyingi, zinarudi nyumbani mikono mitupu. Aliyemaliza wa tano na aliyemaliza wa kumi wako sawa, kwani hakuna kombe wala medali wala jina la kuandika kwenye ukuta wa klabu. Soka letu limejengwa kama ngazi yenye kipawa cha chini na cha juu tu, na mpandaji akishindwa kuruka anaambiwa hajafika popote. Ndiyo maana naona wakati umefika kwa Shirikisho la Soka Tanzania (TFF) kuanzisha kombe la klabu zilizo nje ya Ligi Kuu pekee, yaani zile za Championship na First League, likiwa na bingwa anayetambulika kitaifa.

Wapo watakaosema kwamba kombe la kila mtu tayari tunalo. Ni kweli kwamba Kombe la Shirikisho, ambalo wengi wetu tunaliita Kombe la FA, liko wazi kwa timu za madaraja ya chini tangu liliporejeshwa msimu wa 2015/16. Lakini mlango kuwa wazi ni jambo moja, na kuingia hadi ukumbini ni jambo jingine. Katika fainali 10 za kwanza, hadi ile ya 2025, Yanga imetwaa kombe mara tano, Simba mara tatu, Mtibwa Sugar mara moja mwaka 2018 na Azam mara moja mwaka 2019. Hata walioshindwa kwenye fainali hizo, kuanzia Mbao na Singida United hadi Lipuli, Namungo na Coastal Union, wote walikuwa wa Ligi Kuu. Timu ya daraja la chini inaingia mashindano haya ikijua kwamba mafanikio yake makubwa ni kupangiwa Simba au Yanga, ikusanye viingilio vya siku moja, kisha iage. Hiyo ni bahati nzuri ya mapato, na haiwezi kuitwa ushindani.

Songea inalielewa jambo hili kuliko miji mingi. Majimaji, Wanalizombe wenyewe, ilikuwa bingwa wa Ligi ya Muungano mwaka 1985, 1986 na 1998. Ligi ile haikuwa ya daraja la kati. Ilikuwa ya juu kabisa, ikikutanisha vigogo wa Bara na Visiwani. Ila kuwepo kwake kuliongeza taji moja zaidi la kupigania, na mataji yakiongezeka, majina ya mabingwa nayo huongezeka. Ndivyo Pamba ya Mwanza na Malindi ya Zanzibar zilivyoingia kwenye orodha hiyo pamoja na timu ya Songea. Ligi ya Muungano ilipokufa mwanzoni mwa miaka ya 2000, njia ikabaki moja. Majimaji ilirejea Ligi Kuu msimu wa 2015/16, ikashuka mwishoni mwa msimu wa 2017/18, na tangu hapo kijana wa Ruvuma anayeishangilia hana kombe lolote ambalo anaweza kusema kwa akili timamu kwamba mwaka huu tunalitaka.

Pengo hili lina madhara yanayozidi huzuni ya mashabiki. Timu isiyo na cha kupata wala cha kupoteza inapobakiwa na mechi kadhaa, uaminifu wa ligi nzima unawekwa rehani. Februari 2016, siku ya mwisho ya Kundi C la Ligi Daraja la Kwanza, kama Championship ilivyoitwa wakati ule, timu mbili zilizokuwa zikiwania nafasi moja ya kupanda zilishinda mechi zao, moja kwa 8-0 na nyingine kwa 7-0. TFF ilichunguza, ikabaini upangaji wa matokeo, ikawaadhibu waliohusika, na Mbao ikapanda badala yao. Adhabu ile ilistahili, lakini adhabu huja baada ya kosa. Sidai kwamba kombe litamaliza rushwa michezoni. Nadai kwamba klabu yenye robo fainali mbele yake ina sababu ya kuwalipa wachezaji, kufanya mazoezi na kulinda jina lake hadi wiki ya mwisho, na mdhamini wa pale mjini naye anapata kitu cha kubandikia tangazo lake.

Pingamizi zito zaidi ni la heshima, kwamba hili litakuwa kombe la walioshindwa, na kwamba kugawa mataji ovyo kunayashusha yaliyopo. Hofu hiyo ina msingi, na si ya soka peke yake. Nchini Marekani, katika mashindano ya mbwa wa kuokota ndege walioangushwa na wawindaji, cheo cha bingwa ni kigumu kiasi kwamba mbwa wengi wazuri hawakifikii maishani. Mwaka 1985 chama cha mbwa cha huko, AKC, kilianzisha mitihani yenye madaraja matatu, ambamo mbwa hupimwa kwa kiwango kilichowekwa na si kwa kumshinda mwenzake. Cheo cha bingwa hakikupungua thamani, kwa sababu kila mtu anajua kipi ni kipi. Uingereza nayo ilianzisha FA Trophy msimu wa 1969/70 kwa ajili ya klabu zilizokuwa zikilipa wachezaji, hivyo hazikuruhusiwa kwenye kombe la ridhaa, lakini hazikuwa na ubavu wa kutwaa Kombe la FA. Wycombe Wanderers ililichukua mwaka 1991 na 1993, na mwaka huohuo wa 1993 ikapanda kuingia Football League. Kombe la kati halikuifanya ibweteke. Dawa ya hofu ya heshima ni masharti: bingwa asipewe tiketi ya mashindano ya Afrika, ila apewe fedha na haki ya kuanzia nyumbani kwenye Kombe la FA msimu unaofuata.

Linabaki suala la gharama, na mtu wa Songea hawezi kulipuuza, maana kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900. Hata hivyo, tupige hesabu. Timu 32 zikicheza kwa mtoano wa mechi moja moja, mashindano yote yana mechi 31. Nusu ya klabu zitacheza mara moja tu, na hata bingwa atacheza mara tano. Raundi mbili za kwanza zikipangwa kwa kanda, Ruvuma ikutane na Njombe, Iringa, Mbeya au Mtwara, basi la timu litakwenda Njombe, kama kilomita 240, na kurudi bila kulipia hoteli ya siku tatu. Safari ndefu zitaanza robo fainali, ambapo TFF inaweza kuchangia nauli kutoka kwenye udhamini. Fainali izungushwe mikoani, kama ambavyo fainali za Kombe la FA zimekwishachezwa Lindi, Sumbawanga, Kigoma, Arusha na Tanga. Uwanja wa Majimaji nao uwekwe kwenye zamu hiyo.

Jambo hili halihitaji uwanja mpya wala sheria ya Bunge. Linahitaji kanuni za kurasa chache, mdhamini mmoja, na vyama vya soka vya mikoa vitakavyolifikisha kwenye Mkutano Mkuu wa TFF kama ajenda, si kama malalamiko. Chama cha Ruvuma, chenye klabu iliyowahi kuwa bingwa mara tatu, kina haki kuliko vingi ya kuwa cha kwanza kunyoosha mkono.