Ngoma si ya mahafali tu

Jamani tuliotoka TP, tuseme ukweli: shuleni ngoma hukumbukwa mgeni rasmi akija. Akiondoka, njuga zinarudi stoo.

Nilikopangiwa, mimi wa hisabati na mwenzangu wa historia tuliunganisha vipindi viwili chini ya mwembe. Kundi moja likapiga makofi kila baada ya mapigo 2, jingine likakanyaga kila baada ya 3. Vikakutana pigo la 6, la 12, la 18. KDS hiyo, bila chaki! Dogo mmoja anayejifichaga nyuma ndiye aliyewarekebisha wenzake. Kisha mwenzangu akashika bugobogobo: kwa nini Wasukuma wanacheza na majembe? Tukaingia kwenye kulima kwa zamu, hadi pamba ya enzi za mkoloni.

Mwalimu wa taaluma akasema tunapiga kelele. Sawa, kelele zilikuwepo, tungesogea mbali na Form Four. Kilichoniuma ni fomu ya tathmini: mwalimu mmoja, somo moja. Maksi nikapewa mimi. Mwenzangu, aliyebeba nusu ya kipindi, akaandikwa "msaidizi".

Serikali yetu ya wanafunzi iwafuate wakubwa wa kitivo cha elimu kabla ya TP ijayo. Fomu iongezwe nafasi ya jina la pili.