Mtoto akiandika 7/2

Niko huku Dubai. Joto ndio lile lile. Leo sina habari za maduka wala majengo marefu. Mji huu ulizindua mpango wake wa magemu Novemba 2023, unaolenga ajira mpya 30,000 ifikapo 2033, na tangu hapo vijana wa nyumbani hawaishi kuniuliza maswali. La juzi limetoka kwa mpwa wangu. Anatengeneza gemu la hesabu la watoto wa shule ya msingi, anatumia injini ya Godot: mtoto akiandika "3+4*2" wakati anacheza, gemu litajuaje jibu?

Godot ina kitu kinaitwa Expression. Unakipa maandishi, kinayachambua na kukokotoa hapo hapo. Mimi nasema kitumieni, lakini kwa maandishi ya mwalimu. Ya mtoto msikipe hivi hivi.

Mwalimu anaweka "idadi * bei" kwenye faili dogo la maandishi. Akitaka swali jipya anaongeza mstari, na simu inapakua faili hilo tu badala ya gemu zima. Nyie mnaonunua bando mnanielewa.

Mtoto je? Kwa Godot 7/2 ni 3! Namba nzima ikigawanywa kwa namba nzima, desimali inatupwa. Lugha nyingi za kompyuta ziko hivyo. Na 2^3 inatoa 1, si 8, maana alama ile kwake haina uhusiano na vipeo. Sasa mtoto wa darasa la tano ameandika 3.5, jibu sahihi kabisa, simu inamwambia amekosa. Nani nyumbani atabishana na simu? Labda bibi.

Halafu watoto wetu wanaandika × na ÷ kama walivyofundishwa, na Expression haizijui.

Kwa hiyo wekeni kichujio kwanza. Kiruhusu namba, alama nne za hesabu na mabano, basi. Kibadilishe × iwe *, ÷ iwe /, na 7 iwe 7.0 ili desimali isipotee. Herufi zikataliwe, kwa sababu ukiipa Expression kitu cha gemu lako, maandishi yanaweza kuita kazi za kitu hicho, na mtoto mtundu atajipa pointi elfu.

Mpwa analalamika kwamba hiyo ni kazi ya wiki nzima. Jioni mbili zinatosha bwana. Mwenye njia fupi zaidi aniandikie, ila asiniambie 7/2 tuiache ilivyo.