Pumzi Iliyokwama Mbali na Kibiti

Aliyepaliwa Maparoni au Kiongoroni, ndani ya delta ya Rufiji, hawezi kungoja maji yajae, boti ipite mikokoni hadi Nyamisati, kisha ipatikane gari ya Kibiti. Ubongo uliokosa hewa huanza kudhurika kwa dakika chache.

Hospitalini, njia nyingine zote zikishindwa, tabibu hupasua koo kwa mbele, chini kidogo ya kongomeo, akapitisha mpira wa kupumulia. Mchinjaji yeyote aijua njia hiyo ya hewa: ndiyo ile ngumu yenye pete, iliyo mbele ya umio. Kisu au sindano nene? Wataalamu wamezilinganisha kwa kondoo na nguruwe (kwetu koo la mbuzi latosha kujifunzia), kwani mgonjwa anayekata roho si wa kufanyiwa majaribio. Mwaka 2015 mwongozo wa Uingereza ulichagua kisu kwa watu wazima, kwa kuwa sindano ilishindwa mara nyingi. Mtoto mdogo koo lake ni jembamba mno kwa kisu hicho.

Nyumbani, basi, asishike mtu kisu. Anayeweza kukohoa, mwacheni akohoe. Asiyetoa sauti, naye amevuka mwaka mmoja, mwinamisheni, mpigeni kwa kiganja katikati ya mabega mara tano. Kisha mkumbatieni kwa nyuma, mbinyeni tumbo juu ya kitovu, kuelekea ndani na juu, mara tano. Rudieni. Kichanga alazwe kifudifudi pajani, kichwa kikiwa chini, apigwe mgongoni vivyo hivyo. Kisha ageuzwe, abonyezwe kifua, kamwe si tumbo. Msipapase mdomoni kutafuta msichokiona. Akizimia, mlazeni chali, mwanzeni kumbonyeza kifua, na mmoja wenu akimbilie boti.